Panya wa Siku 600, Njiti za Kiberiti za Hai

Mwaka 1964 msafara wa wanasayansi kutoka Kanada ulifika Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilichojitenga katikati ya Bahari ya Pasifiki, ukarudi na sampuli za udongo. Baadaye, katika maabara za kampuni ya Ayerst mjini Montreal, Suren Sehgal na wenzake walipata ndani ya udongo ule bakteria inayotoa kemikali ya kuua kuvu. Wakaipa jina linalotokana na kisiwa: rapamaisini. Kama dawa ya kuvu haikufika mbali. Waliokuja kuipokea ni madaktari wa upandikizaji, kwa sababu iliituliza kinga ya mwili isiikatae figo ya mtu mwingine. Mwaka 1991, mjini Basel nchini Uswisi, watafiti wa hamira waligundua mahali dawa hiyo inaposhika, nayo ni protini ambayo baadaye ilibainika kuwa huisaidia seli kujua kama chakula kipo au hakipo, kama ni wakati wa kukua au wa kujihifadhi. Udongo, kuvu, hamira, figo: katika safari yote hiyo hakuna aliyekuwa akitafuta habari za uzee.

Habari za uzee ziliingia katika safari hiyo huko Marekani, miaka ya 2000, pale Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kuzeeka ilipoanzisha mpango wa kupima dawa kwa panya katika maabara tatu kwa wakati mmoja: Jackson Laboratory huko Maine, Chuo Kikuu cha Michigan, na Kituo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Texas mjini San Antonio. Panya wa aina moja, dawa moja, sehemu tatu, ili matokeo ya maabara moja yasiwapotoshe watu. Rapamaisini ilipochaguliwa, kikatokea kizuizi kisichohusiana na nadharia yoyote ya kuzeeka. Dawa ilikuwa ikiharibika ndani ya chakula cha panya kabla ya kufika utumboni. Ikabidi watafutwe wataalamu wengine kabisa, wa Southwest Research Institute pale pale San Antonio, ambao kazi yao ni kufungia kemikali ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Vifuko hivyo vilistahimili tumbo na kufunguka utumboni.

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na panya waliotengwa kwa jaribio hawakuacha kuzeeka kwa sababu wataalamu wanahangaika na vifuko. Mpango ulikuwa kuanza nao wakiwa wadogo. Dawa ilipokuwa tayari walikuwa na siku 600, umri ambao kwa binadamu hulinganishwa na miaka 60 hivi. Watafiti wakaamua kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Nature: umri ambao asilimia 90 ya panya wanakuwa wamekufa ulisogea mbele kwa asilimia 14 kwa majike na asilimia 9 kwa madume. Wengi katika taaluma hiyo walikuwa wakiamini kwamba anayetaka kuchelewesha uzee lazima aanze mapema maishani. Panya wale wakaonyesha kwamba mnyama aliyekwisha kuzeeka bado anaweza kuongezewa maisha.

Naisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu ya jambo moja ambalo waandaaji wa makongamano ya utafiti wa uzee hulipita haraka. Mtaalamu wa vifuko vya dawa hakuitwa kuwakilisha taaluma yake. Aliitwa kwa sababu kazi ilikuwa imekwama, na ugumu wa kazi yake ukabadilisha swali la wengine wote. Swali la mwanzo liliuliza kama dawa hii huongeza maisha. Lililopata jibu liliuliza kama inawezekana kuanza kwa kuchelewa, na hilo ndilo swali la kila mtu mwenye miaka 60 anayemsikiliza daktari wake. Kipimo changu cha utafiti unaodai kuunganisha taaluma ni hicho. Nauliza kama taaluma moja imebadilisha swali la nyingine. Kama maswali yametoka jinsi yalivyoingia, basi watu walikutana tu.

Kwa kipimo hicho, juhudi kubwa iliyofanywa Marekani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 inastahili heshima, ingawa haikufika mwisho wa njia. Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo ni 27, na nyingi zimepewa ugonjwa au kiungo chake: hii saratani, ile moyo, nyingine figo na kisukari. Kila moja na bajeti yake. Lakini kitu kimoja kinachozidisha hatari ya saratani, ugonjwa wa moyo, kiharusi na usahaulifu wa uzeeni kwa pamoja ni umri wenyewe, na umri ulikuwa umeachiwa taasisi moja. Felipe Sierra na wenzake waliunda kundi lililovuka mipaka ya taasisi hizo, na Oktoba 2013 wakaitisha mkutano mkubwa Bethesda. Mwaka uliofuata ikachapishwa makala iliyotaja nguzo saba za kuzeeka, kuanzia namna mwili unavyostahimili misukosuko hadi uvimbe wa chinichini usioisha. Mwaka 2013 huo huo Carlos López-Otín na wenzake walikuwa wameorodhesha alama tisa za kuzeeka katika seli, orodha ambayo mwaka 2023 ilifika kumi na mbili.

Orodha hizo zimefanya kazi kubwa. Zimempa mtafiti wa moyo na mtafiti wa ubongo lugha ya pamoja. Ila ukizisoma kwa makini utaona kwamba waliokutana ni ndugu wa ukoo mmoja, wote wanaanzia ndani ya seli. Kwenye orodha zile hakuna mvua, hakuna moshi wa jikoni, hakuna mjane, hakuna pensheni. Na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mambo hayo ndiyo yanayoamua nani atafika uzeeni na akifika ataishi vipi.

Tuanze na lililo dogo kuliko yote kwa sura: umri wa mtu.

Mwaka 2013 Steve Horvath, aliyesomea hisabati na takwimu za tiba, alichapisha kipimo kinachokadiria umri kutokana na alama za kikemia zinazobandikwa juu ya vinasaba. Alitumia sehemu 353 za vinasaba, na kipimo chake kilifanya kazi kwenye tishu za aina nyingi, damu, ini, ubongo, kwa makosa ya miaka mitatu au minne hivi. Kipimo hicho na vilivyokifuata ndivyo vinavyotumika leo kusema kwamba mwili wa fulani umezeeka haraka kuliko miaka yake. Ni chombo cha thamani. Lakini kilitengenezwa kwa watu ambao tarehe zao za kuzaliwa zinajulikana, na kila jibu lake husomwa kwa kulinganishwa na tarehe hiyo.

Sasa mlete mtafiti wa vinasaba kwenye kijiji ambacho mzee hana cheti cha kuzaliwa. Atauliza umri, na atajibiwa 70. Jirani naye 70. Yule wa ng'ambo ya mto, 80. Wataalamu wa demografia wanaufahamu mtindo huu kwa muda mrefu. Kwenye sensa za nchi nyingi umri wa watu wazima hujikusanya kwenye namba zinazoishia na sifuri au tano, na wana vipimo vya kukadiria ukubwa wa kosa hilo. Mtafiti wa vinasaba asiyejua hayo atapima tofauti kati ya mwili na kalenda, kumbe sehemu ya tofauti anayoiona imetoka kwenye kalenda.

Dawa ya tatizo hili iko kwa mtu ambaye hatumfikirii kabisa tunapotaja sayansi ya kuzeeka, yaani mwanahistoria. Kwa miaka mingi wadadisi wametumia kalenda ya matukio. Mzee haulizwi ana miaka mingapi. Anaulizwa kama alikuwa ameanza kuchunga mbuzi vita vya pili vya dunia vilipokwisha, kama alikuwa ameolewa mwenge wa uhuru ulipowashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, mtoto wake wa kwanza alikuwa na umri gani wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Kalenda nzuri haitungwi Dodoma wala Nairobi. Inahitaji njaa ya eneo lile, mafuriko ya mto ule, mwaka chifu yule alipoondolewa, na palipo na marika kama kwa Wamaasai, jina la rika humweka mtu ndani ya kipindi kwa uhakika kuliko kitambulisho kilichokatwa kwa makadirio. Kumtengenezea mtafiti wa vinasaba kalenda ya namna hiyo ni kazi ya kitaalamu kamili. Na matatizo ya umri si ya Afrika peke yake. Mtafiti Saul Newman alipochambua takwimu za Marekani aliona kwamba idadi ya watu wanaodaiwa kufika miaka 110 ilishuka sana pale majimbo yalipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa. Sehemu ya miujiza ya uzee mrefu ilikuwa makosa ya karani.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote katika ukanda wetu unatoka wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro. Madaktari wa Tanzania pamoja na wenzao wa Newcastle nchini Uingereza wamefanya kazi huko kwa miaka mingi juu ya kiharusi, ugonjwa wa Parkinson na dimensia, yaani usahaulifu wa uzeeni. Mwaka 2010 walipita vijijini kuwachunguza watu wa miaka 70 na kuendelea, na wakakuta dimensia kwa takriban asilimia 6.4. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri. Dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu haikusimama tena.

Ila namba hiyo isingepatikana kwa vipimo vilivyozoeleka. Kipimo kilichotawala dunia kwa miongo kadhaa humtaka mtu aseme tarehe ya leo, atoe saba kutoka 100 mara kadhaa, aandike sentensi, anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana. Mpe kipimo hicho bibi ambaye hajawahi kushika kalamu maishani mwake, ambaye ameendesha shamba la migomba na kahawa, amelea watoto na wajukuu, na anakumbuka deni la kila jirani. Atashindwa. Daktari ataandika kwamba akili yake imepungua, ilhali kilichopimwa ni kwamba katika ujana wake hakupelekwa shule.

Watafiti wa Hai walikubali kwamba kasoro iko kwenye kipimo. Wakatengeneza kingine, kikajaribiwa pia Nigeria. Mzee huambiwa maneno ya kukumbuka, kisha baadaye huombwa ayarudie. Huulizwa kiongozi wa kijiji ni nani na leo ni siku gani ya wiki. Huombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Huombwa aeleze daraja ni nini. Na mahali pa kalamu na karatasi ziliwekwa njiti za kiberiti: mchunguzi anapanga umbo, mzee analipanga tena mbele yake. Uwezo unaopimwa ni ule ule, wa macho, mikono na ubongo kuelewana juu ya umbo. Kilichoondolewa ni shule.

Kuna taaluma ngapi ndani ya njiti zile? Yupo daktari wa mishipa ya fahamu anayejua sehemu gani ya ubongo inahusika. Yupo mwanasaikolojia anayejua kuunda kipimo na kukipima chenyewe. Yuko mtu anayeijua elimu ya kijiji kile, nani alisoma na nani hakusoma, na kwamba wanawake wa rika lile wengi hawakupelekwa. Yuko muuguzi anayejua kwamba kiberiti kinapatikana kila nyumba na hakimtishi mtu. Hakuna aliyekaa kwenye meza ya pembeni akingoja kuambiwa aelimishe jamii. Kila mmoja aligusa kipimo kabla hakijatoka.

Kazi ya Hai haikuishia kwenye kuhesabu. Watafiti walikaa na familia kusikia zinauelewaje ugonjwa huu. Wengi waliona ni uzee wa kawaida. Wengine walikuwa wamekwenda kwa waganga wa jadi au kwenye maombi kabla ya kufikiria hospitali. Habari hiyo ni ya kitabibu kama ilivyo picha ya ubongo, kwa sababu inaeleza mgonjwa yuko wapi katika miaka ile ambayo daktari hamwoni. Anayeisoma bila kuisikiliza atajenga kliniki ya kumbukumbu na kushangaa mbona haina wagonjwa.

Kutoka Hai twende magharibi, hadi Meatu, wilaya iliyokuwa mkoa wa Shinyanga na sasa iko Simiyu. Hapa nazungumzia mauaji ya vikongwe. Kwa miongo mingi wanawake wazee wa Usukumani wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi macho mekundu yametajwa kuwa ushahidi. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kwa kina juu ya chimbuko la tuhuma hizo na historia yake. Kisha mwanauchumi Edward Miguel akaja na kitu ambacho hakuna aliyekitegemea katika mjadala huu, nacho ni rekodi za mvua. Katika makala yake ya mwaka 2005 alionyesha kwamba kwenye miaka ya ukame au mafuriko makubwa, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi Meatu yalikaribia kuongezeka mara mbili, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake wazee, na waliohusika mara nyingi walikuwa jamaa zao.

Sisemi kwamba mvua inaeleza kila kitu. Kaya zenye njaa ziko nchi nyingi na hazimwui bibi. Bila Mesaki, takwimu za Miguel ni mstari unaopanda bila maana, na bila Miguel tungeendelea kuhubiri dhidi ya imani potofu kila mwaka, mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa, bila kujua kwamba hatari ina msimu wake. Ongeza daktari wa macho, ambaye atasema kwamba macho mekundu ya mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe ndani ya chumba kisicho na dirisha yana maelezo, na daktari wa kifua atasema moshi huo huo umefika kwenye mapafu. Jiko basi ni suala la maisha marefu. Sijui kongamano la sayansi ya kuzeeka ambalo lingemwalika fundi wa majiko banifu, na naamini lingefaidika.

Hapo hapo Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, kuna watu ambao bibi zao wamebadilisha nadharia ya mageuzi ya binadamu. Kristen Hawkes na wenzake walipokaa na Wahadza waliona wanawake waliokoma kuzaa wakichimba mizizi kwa bidii isiyopungua ya wanawake vijana, na mama anapokuwa na kichanga, uzito wa watoto wake wakubwa ulifuata juhudi za bibi. Kutokana na hapo likaja pendekezo kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu bibi walioishi waliwawezesha wajukuu kuishi. Weka mambo haya mawili pamoja. Eyasi bibi anahesabiwa kwa kile anachokileta nyumbani. Meatu, katika mwaka wa njaa, amehesabiwa kwa kile anachokula. Mwili wa mwanamke wa miaka 65 ni ule ule. Kilichobadilika ni hesabu ya kaya, na hesabu hiyo ina nguvu juu ya urefu wa maisha yake kuliko alama yoyote katika zile kumi na mbili.

Miguel mwenyewe aliona mantiki ya jambo hili: alipendekeza pensheni kwa wazee, ili bibi awe anayeingiza fedha nyumbani. Tunayo majaribio ya jambo hilo tayari. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kipato chake. Kenya mwaka 2018 ilipanua mpango wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Wanauchumi watapima matumizi ya kaya. Lakini mzee anayepokea fedha yake mwenyewe, je, shinikizo lake la damu linashuka? Nguvu ya mkono wake, kipimo rahisi kinachotabiri mengi juu ya afya ya uzeeni, inapungua polepole zaidi? Anakula nyama mara ngapi? Anasemeshwa mara ngapi kwa siku? Mpaka wa miaka 70 unampa mtafiti nafasi ya nadra, kuwalinganisha waliouvuka jana na watakaouvuka kesho. Na hapa tunarudi kwa mwanahistoria, maana pensheni ikishatangazwa, mwenye sababu ya kuwa na miaka 70 atakuwa na miaka 70. Bila kalenda ya matukio, mwanauchumi na daktari wote wawili watakuwa wamejenga juu ya umri wasioujua.

Kinachotuzuia kinajulikana. Nimesoma maandiko mengi ya kuomba ruzuku ambayo mwanasayansi wa jamii anaonekana ukurasa wa mwisho, akipewa asilimia chache ya bajeti kuhamasisha wananchi wakubali kutolewa damu. Mhadhiri anayechapisha kwenye jarida lililo nje ya idara yake anaweza kukuta kazi hiyo haina uzito anapoomba kupandishwa cheo. Takwimu zenyewe zimekatwa mapema. Utafiti mkubwa wa demografia na afya ambao nchi zetu hufanya kila baada ya miaka kadhaa huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kulikuwa na sababu nzuri, ulilenga uzazi na watoto. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanamke akitimiza miaka 50 anatoweka kwenye jedwali, akiwa bado na pengine miaka 30 ya kuishi.

Hospitali nazo zimegawanywa hivyo hivyo. Mzee mwenye virusi vya Ukimwi, presha na kisukari ana kliniki tatu, kadi tatu, mara nyingi siku tatu. Dawa za kufubaza virusi zimemfikisha uzeeni, na huo ni ushindi mkubwa wa zama zetu. Ila kliniki ile ilijengwa kwa ajili ya vijana waliokuwa wakifa, na sasa inawahudumia watu wanaozeeka, wenye mifupa inayodhoofika na kumbukumbu inayoyumba. Tabibu wa virusi anaona idadi ya virusi, yule wa presha anaona namba mbili kwenye mashine. Binti anayemsindikiza mama yake ndiye peke yake anayemwona mama mzima, na hajawahi kuulizwa na mtafiti. Majaribio ya dawa yanaongeza tatizo, kwa kuwa mengi huwaondoa wazee au wenye maradhi kadhaa ili matokeo yawe safi, kisha dawa inaandikwa kwa wale wale walioondolewa.

Kwa hiyo sipendekezi taasisi mpya yenye jengo jipya. Kuna mahali ambapo nusu ya kazi imeshafanyika. Kilifi nchini Kenya kuna mfumo wa kufuatilia kaya uliopo tangu mwaka 2000. Korogocho na Viwandani jijini Nairobi kulianzishwa mwingine mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ifakara ilianza mwaka 1996. Mifumo hiyo huandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa, kaya baada ya kaya. Mtu aliyekuwa na miaka 50 Ifakara ilipoanza alifikisha 70 mwaka 2016, na miaka 20 ya nyumba yake inaweza kusomwa: nani alikuwa akiishi naye, nani alifariki, nani aliondoka kwenda mjini.

Katika mzunguko mmoja wa wadadisi wanaopita kaya hizo hizo kunaweza kuongezwa kifaa cha kupima nguvu ya mkono, kiboksi cha njiti, kalenda ya matukio ya eneo iliyotungwa na mwanahistoria pamoja na wazee wa hapo, swali la jiko na nishati ya kupikia, rekodi ya mvua ya msimu, na palipo na pensheni, mwezi ambao fedha ya kwanza ilipokelewa. Damu itolewe pale tu ambapo swali linaihitaji, na majibu yarudishwe kwa aliyetoa. Wahadza wamepimwa nguvu wanazotumia, hatua wanazotembea na namna wanavyokaa, na ni haki yao kuyajua matokeo hayo kwa lugha wanayoielewa. Gharama ya nyongeza hizi ni ndogo ukilinganisha na kuanzisha utafiti mpya. Sehemu ngumu ni mwezi mmoja kabla ya dodoso kuchapwa, wakati daktari wa wazee, mwanauchumi, mwanahistoria, muuguzi wa wilaya na mabinti wanaowauguza mama zao watakapoketi chumba kimoja wakiwa na ruhusa ya kufuta maswali ya wenzao. Mwezi huo nao uwe na fungu lake kwenye bajeti, kama damu na maabara zilivyo na lake.